Mstari Chini ya Saba

Wapo wanaoamini kwamba lisemwalo lipo. Hili halipo, na limesemwa miaka sita sasa, kwenye foleni ya benki, kwenye ngazi za jengo, hata kwenye kikao cha wazazi shuleni: kwamba yule mzee aliyekuwa akiosha mawe pale makumbusho, ambaye watu walimwita Brashi, alifukuzwa kazi kwa sababu ya mkono mrefu. Kwamba alionekana mchana kweupe akitoka langoni na kikapu kilichofunikwa taulo, na ndiyo maana siku yake ya mwisho hakuagwa na mtu.

Kikapu kilionekana, kweli. Kilifunikwa taulo, kweli. Kuagwa hakuagwa, na hilo nalo ni kweli. Lakini anayeunganisha vigae kwa pupa huishia na chungu chenye masikio matatu. Hakufukuzwa, wala hakuondoka na hata punje ya mchanga isiyo yake. Alistaafu akiwa na miaka sitini kamili, kwa barua yenye tarehe na sahihi. Habari zake ni hizi.

Alifika makumbusho akiwa seremala wa miaka ishirini na tisa, kutengeneza rafu za stoo. Ilikuwa kazi ya wiki tatu. Siku ya nne alipita karibu na meza iliyotandazwa vigae, akasimama, akaokota viwili, akavikutanisha. Vikashikana.

"Nani kakwambia uguse?" aliuliza bwana mmoja mwembamba mwenye miwani. Huyo ndiye Profesa, ingawa wakati huo alikuwa bado hajaupata uprofesa, alikuwa na hasira zake tu.

"Hakuna, mzee. Ila hivi ni ndugu. Tazama huu ukingo, umepasuka kama ubao uliopasuliwa na fundi mlevi."

Profesa alivitazama vile vigae, akamtazama seremala. Wasaidizi wake wawili walikuwa wamevitafutia wenzake tangu asubuhi. "Ukimaliza rafu usiondoke," alisema.

Hakuondoka kwa miaka thelathini na moja. Alipewa chumba cha kuoshea, nyuma ya jengo, chenye beseni tano, dirisha moja refu na meza aliyoiranda mwenyewe hadi ikawa laini kama sahani. Vitu vilivyochimbwa vilimfikia vikiwa na udongo wao, naye aliviosha kwa mswaki, kimoja kimoja, akavianika kwenye trei juu ya magazeti. Mswaki haukuacha mfuko wa shati lake, na jina la Brashi likatoka hapo. Mkewe, ambaye alikuwa mwalimu wa historia, ndiye aliyetumwa kununua miswaki, kumi na miwili kwa mpigo, mpaka muuza duka akashindwa kuvumilia.

"Mwalimu, samahani, kwenu mnafuga mamba?"

Katika chumba kile kulikuwa na sheria moja: kadi haiachi trei. Kila trei ilikuja na kadi inayoonyesha kitu kimetoka tabaka gani la ardhi. Kitu kikikauka, Brashi alikipaka vanishi kidogo mahali pasipoonekana, akaandika juu yake namba ya tabaka kwa kalamu nyembamba ya wino, akapaka vanishi tena. Hapo tu ndipo kadi iliporuhusiwa kuondoka. "Jiwe lisilo na namba ni jiwe," alizoea kusema. "La kurushia mbwa."

Vitu hivyo vyote vilitoka kwenye kilima kimoja nje ya mji. Watu waliishi pale, wakafa, wengine wakajenga juu yao, nao wakafa, hata kilima kikawa na matabaka tisa kama mkate uliokunjwa. Brashi alikuwa ameyachora kwenye ubao mrefu ukutani, na wageni walipokuja aliwaeleza kuliko walivyotegemea kwa mwosha mawe. Mwaka wake wa mwisho kazini, mkewe alileta darasa lake. Alisimama mbele ya ubao, mswaki mkononi.

"Hapa chini kabisa, juu ya mwamba, ni majivu ya moto mmoja, mifupa ya swala na mawe makali. Watu ishirini, wakizidi sana thelathini. Kila mmoja anajua mwenzake anavyokoroma. Hawana ofisi wala mkubwa wa kudumu. Ukigombana na mama mkwe, unachukua upinde wako na mkeo, unahamia bonde la pili. Kesi imekwisha."

Wanafunzi wakacheka.

"Sasa panda juu, hapa katikati. Hawa wamepanda nafaka. Shamba halibebeki mgongoni, kwa hiyo hakuna kuhama. Mama mkwe sasa ni wa kudumu! Hapo ndipo watu walipoanza kuhitaji sheria."

Walicheka zaidi. Mwalimu hakucheka, kwa kuwa mwaka huo mama yake mzazi alikuwa akiishi nao.

"Huku juu, karibu na nyasi, ni mji. Mitaa, kuta, maghala. Watu elfu mbili, tatu. Lakini turudi chini kidogo, tabaka la tatu kutoka kwenye mwamba. Hapa pana ajabu iliyompa Profesa wetu jina. Hawa bado wawindaji, hakuna hata punje iliyopandwa, lakini tayari wana mawe ya kusagia yaliyolika mpaka yakawa na tumbo, na madonge ya udongo yenye alama za mihuri. Donge kama hilo unalibandika kwenye kamba ya mlango wa ghala, unaligandamiza muhuri. Kesho ukilikuta limevunjika, unajua kuna aliyeingia."

Binti mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono. "Babu, kama wako thelathini na wanajuana hadi kukoroma, muhuri wa nini?"

"Swali zuri. Profesa ameandika kwamba walikuwa na mkuu, na mkuu alikuwa na vitu vyake."

"Si angevikalia tu?"

Darasa zima lilivunjika mbavu, na Mwalimu akagonga meza. Brashi naye alicheka, lakini jioni ile alikula kimya. Alipoulizwa ana nini, alisema, "Yule mtoto ana kichwa."

Ajabu ile ya tabaka la tatu haikuwa jambo dogo. Profesa alikuwa ameandika kitabu kizima juu yake, kwamba katika kilima kile mkuu alitangulia mbegu: watu walipata kwanza wakubwa na maghala, kisha ndipo wakapanda. Mwalimu mwenyewe alikifundisha kitabu hicho miaka kumi na mitano. Na sasa makumbusho yalikuwa yanajenga ukumbi mpya wenye vyumba vitano vya kioo, kuanzia moto mmoja hadi mji, na chumba cha pili, kilichoonyesha ghala la wawindaji, ndicho kilichowekewa taa nyingi kuliko vyote. Ufunguzi ulipangwa wiki ile ile ambayo Brashi angestaafu. Mkurugenzi alisema wataunganisha sherehe, wafungue ukumbi na kumuaga mzee kwa pamoja.

Zilipobaki wiki tatu, aliletewa trei za mwisho za msimu. Katika moja, iliyotoka tabaka la tatu kutoka juu, yaani kwenye mji, palikuwa na nusu ya donge la muhuri. Aliipiga mswaki, na maji yalipoondoa tope akaona mgongo wa mnyama, miguu ya nyuma na mkia uliopinda. Alisimama pale beseni likivuja maji kwenye viatu vyake. Upande wa mbele wa mnyama yule, wenye pembe na kwato zilizoinuka, aliujua kama anavyojua sura ya mtoto wake. Alikuwa ameuosha yeye, msimu wa kwanza kabisa. Sasa hivi ulikuwa ndani ya chumba cha pili cha kioo, chini ya zile taa, kwa wawindaji.

Alikwenda kwa mtunza stoo, mama mwenye funguo kiunoni na maneno mdomoni.

"Nifungulie kioo cha pili, shemeji."

"Umesahau mswaki ndani?"

"Nifungulie tu."

Alivikutanisha vile vipande viwili juu ya kiganja chake. Vilishikana bila hata uzi kupita katikati. Mtunza stoo alikodoa macho. Alikuwa amekaa na vitu hivyo muda wa kutosha kuelewa: donge moja haliwezi kuvunjika nusu yake ikabaki kwa wawindaji na nusu ikapanda miaka elfu tatu juu mjini.

"Shemeji," alisema taratibu, "mmoja wa hawa anadanganya."

"Udongo haudanganyi. Lete daftari la msimu wa kwanza."

Kosa lilikuwa la aina ambayo ni watu wa kazi ile tu wanaoweza kulifanya. Msimu wa kwanza Profesa alichimba shimo moja jembamba hadi kwenye mwamba, kisha akayahesabu matabaka kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayepanda ngazi. Misimu iliyofuata walichimba eneo pana, wakahesabu kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayeshuka. Ili namba zisichanganyike, zile za msimu wa kwanza zilipigwa mstari chini yake. Saba yenye mstari ilikuwa ya saba kutoka chini, ambayo ni mjini. Saba isiyo na mstari ilikuwa ya saba kutoka juu, ambayo ni kwa wawindaji. Tofauti ya mji na kambi ya wawindaji ilikuwa mstari mmoja mfupi wa wino.

Mwaka ambao paa la stoo lilivuja, wino ulififia kwenye vitu sitini na vinne, na Brashi akaviandika upya. Daftari la msimu wa kwanza lilisema saba yenye mstari. Mkono wake ulikuwa umeandika saba tupu, mara sitini na nne: mawe ya kusagia, madonge ya mihuri, vyote. Miaka saba baadaye Profesa aliyasoma mawe yale kwa uaminifu, akaandika kitabu.

Hapakuwa na mwingine wa kulaumiwa. Brashi alikuwa na wiki tatu. Akinyamaza, angeagwa kwa hotuba na picha ya pamoja, na ile nusu ya donge ingelala kwenye sanduku lake miaka mia. Akisema, jina lake la miaka thelathini na moja, jina la mtu asiyekosea namba, lingekwisha, na la Profesa lingetikisika pamoja nalo.

Alimweleza mkewe alasiri, yeye akisahihisha madaftari kwenye meza ya chakula.

"Wiki tatu, Baba watoto," alisema mkewe. "Wiki tatu unatoka na heshima zako. Nani atainama kuchungulia mstari chini ya saba?"

"Mimi."

"Wewe umeshachungulia. Fumba macho."

Ndiyo, mkewe alimwambia anyamaze. Limeandikwa hapa kwa kuwa ni kweli, na ili asije mwingine akalitia chumvi. Kisha akaomba aone tarehe ambayo mumewe aliinakili kutoka kwenye daftari la stoo, siku namba zilipoandikwa upya. Aliitazama muda mrefu. Ilikuwa siku aliyojifungua binti yao wa kwanza, baada ya uchungu wa siku mbili.

"Hukuwa umelala. Ulikuwa unakimbia hospitali na kurudi kazini. Basi waambie hilo, angalau wajue."

"Mtoto hakushika kalamu, Mama watoto."

Hakuwaambia, wala hakumruhusu yeye awaambie. Asubuhi alijaza karatasi ya kutolea vitu, mtunza stoo akaitia sahihi, mlinzi akaisoma langoni herufi kwa herufi. Walichoruhusu ni vitu vitatu: nusu mbili za donge na jiwe moja la kusagia lenye saba iliyoandikwa kwa mkono wake. Jiwe lilikuwa zito, kwa hiyo aliazima kikapu cha sokoni cha mkewe, akalifunga kwa taulo lisigongane na udongo, ncha za taulo zikafunika kikapu. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa anapita barabarani, akaona kikapu na taulo. Karatasi ilikuwa mfukoni, hakuiona. Hapo ndipo wizi wote ulipoanzia na kuishia.

Alikuwa anakwenda kwa Profesa, ambaye goti lilikuwa limemfungia nyumbani, ghorofa ya tatu, akiandika hotuba ya ufunguzi. Meza ilijaa karatasi. Brashi alisafisha nafasi pembeni, akatandika taulo, akaweka jiwe, akaweka nusu mbili za donge kando kando bila kuzigusanisha.

"Umeniletea zawadi ya kuagana?" aliuliza Profesa.

"Hapana, Profesa. Ziunganishe."

Profesa aliziunganisha. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Hii ya mkia imetoka wapi?"

"Mjini. Tabaka la tatu kutoka juu, trei ya juzi."

Kisha Profesa akaligeuza lile jiwe, akaiona saba, akapapasa chini yake kwa kidole, mahali ambapo mstari ungekuwa.

"Wewe?"

"Mimi."

"Yote sitini na nne?"

"Yote."

"Unajua umenivunjia sura mbili za kitabu?"

"Mbili na nusu, Profesa. Ile ya tano imeegemea hizo."

Profesa alicheka mara moja, kicheko kikavu kama kikohozi, halafu kikakatika. "Siku ile ulikuwa na nini, Brashi? Hujawahi kukosea."

"Nilikuwa na kazi."

"Nani mwingine anajua?"

"Mtunza stoo. Na mke wangu."

"Mwalimu anasemaje?"

"Alisema ninyamaze."

"Mwanamke mwenye akili." Profesa alitazama karatasi za hotuba yake. "Ungeweza kumsikiliza."

"Ningeweza. Lakini kuna mtoto wa darasani kwake aliniuliza, watu thelathini wanaojuana hadi kukoroma, muhuri wa nini? Nikamjibu kwa maneno yako, na maneno hayo yaliegemea kosa langu. Sasa tazama. Muhuri ukirudi juu mjini, kila kitu kinakaa. Kwanza wachache wanaojuana, hawana cha kufunga. Halafu shamba, kwa hiyo hawahami tena. Halafu mavuno yanazidi, inabidi yawekwe pamoja. Halafu watu wanakuwa wengi kiasi kwamba anayefunga ghala leo hamjui atakayelifungua kesho. Hapo ndipo unahitaji udongo usimame mahali pa uso wa jirani. Kilima chetu kinakuwa kilima cha kawaida, Profesa. Lakini kinakuwa cha kweli."

"Cha kawaida," alirudia Profesa. "Nimekichimba nusu ya maisha yangu ili kiwe cha kawaida." Hakumwambia aketi, wala hakumwambia aondoke. Alichukua hotuba, akaipasua katikati bila hasira, kama mtu anayepasua bahasha. Brashi alifunga vitu vyake kwenye taulo, akashuka ngazi.

Mkurugenzi alijaribu kuyamaliza kwa ustaarabu. "Mzee wangu, kuna haja gani ya kutaja jina? Tutaandika 'hitilafu ya kumbukumbu'."

"Hitilafu ni ya jenereta, bosi. Hili ni kosa, na lina mwenyewe."

Aliandika ukurasa mmoja kwa mkono wake, akaeleza mstari, namba, tarehe na vitu vyote sitini na vinne, akatia sahihi kwa jina lake kamili. Ukurasa ule uko kwenye faili, na mwenye shaka akauombe. Ufunguzi uliahirishwa miezi minne. Chumba cha pili kilivunjwa, mawe na mihuri vikapandishwa hadi cha tano, mabango yote yakaandikwa upya. Mafundi waliokesha wakipanga taa walinuna, na wenzake wa ofisini walipita kwenye korido wakitazama viatu. Sherehe ya ukumbi ilipokufa, ya kumuaga mzee ilikufa nayo, maana zilikuwa moja, na hakuna aliyekumbuka kuzitenganisha. Siku ya mwisho aliosha beseni zote tano, akaziinamisha zikauke. Mtunza stoo peke yake alimsindikiza hadi langoni.

"Shemeji, ungekaa kimya ungekula keki."

"Keki ina sukari nyingi kwa umri wangu."

Alirudi nyumbani kwa miguu. Chakula kilikuwa mezani, na mkewe alikuwa amevaa gauni alilolishonesha kwa ajili ya sherehe. Walikula wawili, bila hotuba.

Toleo jipya la kitabu lilitoka baada ya miaka miwili, bila zile sura mbili na nusu. Mwalimu alilifundisha mpaka naye akastaafu. Brashi na Profesa hawakuonana tena. Mmoja alikuwa na goti, mwingine hakuwa mtu wa kwenda asikoitwa. Miezi miwili kabla ya Brashi kufariki, binti wa Profesa alileta barua mkononi. Mzee aliisoma dirishani, akaikunja, akaifungua, akaisoma tena. Kisha akampa mkewe.

Tangu msiba kila anayetoa pole huuliza kama Profesa alimsamehe. Makumbusho wameiomba barua hiyo mara tatu ili waitundike ukumbini, mara ya tatu wakaja na fremu. Wifi wa Mwalimu naye ameomba aione tu, hata kwa mbali.

Barua ipo. Imeandikiwa mtu mmoja, na nyumba hii haina la kuongeza. Haitolewi, hainakiliwi, haisimuliwi. Msiulize tena.